Kupunguza wafanyakazi 40 Temeke: hesabu ya haki na hesabu ya kisasi

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,674 Temeke na 982,328 Kinondoni. Ukijumlisha, ni asilimia 43.3 ya wakazi wote 5,383,728 wa Mkoa wa Dar es Salaam, na hapo Kigamboni ilikuwa imeshamegwa Temeke na Ubungo imeshamegwa Kinondoni. Ni eneo linaloanzia kwenye saruji ya Wazo kaskazini hadi viwanda na magodauni ya Chang'ombe, Kurasini na Mbagala kusini. Humo watu huajiriwa getini, na wengine huambiwa getini hapohapo kwamba kazi imekwisha.

Simulizi za kinachofuata baada ya hapo ni nyingi: karani wa stoo aliyeondoka na funguo, mkanda wa mashine uliokutwa umekatwa, mafaili ya wateja yaliyofutwa usiku. Ukubwa wake haupimiki kwa takwimu za uhalifu, kwa sababu makosa hupangwa kwa aina: wizi, uharibifu wa mali, uchomaji moto. Hakuna safu ya "alikuwa amepunguzwa kazi wiki iliyopita". Swali linalohesabika ni jingine. Mfanyakazi anadai nini kwa sheria, kisasi kinampa nini, na mwajiri anaokoa au kupoteza kiasi gani katika kila njia?

Tuanze na istilahi moja. Kupunguzwa kazi hapa ni kuachishwa kwa sababu za uendeshaji: soko limeshuka, mashine mpya imeingia, kampuni imeunganishwa na nyingine. Si adhabu ya kosa. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, atoe maelezo, kisha ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza hatua hiyo, namna ya kuchagua watakaoondoka, na malipo.

Mfano wetu ni mwendesha mashine wa Mbagala aliyeanza Januari 2017 na kupunguzwa mwishoni mwa Desemba 2024, akiwa na miaka 8 kamili. Alilipwa kima cha chini cha wakati huo. Kwa biashara na viwanda, Amri ya Mshahara ya 2013 iliweka Sh115,000 kwa mwezi, na ile ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ikapandisha hadi Sh150,000. Ongezeko ni asilimia 30.4, lakini lilisubiriwa kwa takriban miaka 9 na nusu, sawa na asilimia 2.8 kwa mwaka, wakati mfumuko wa bei ulikuwa juu ya asilimia 3 kila mwaka wa kipindi hicho. Kwa maneno mengine, mtu huyu alikuwa akipunguzwa kidogokidogo kabla ya kupunguzwa.

Siku moja ya mshahara, kwa wiki ya siku sita, ni Sh150,000 kugawanya kwa 26, yaani Sh5,769. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa kazi, kikomo kikiwa miaka 10. Siku 7 mara miaka 8 ni siku 56, sawa na Sh323,077. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Tuihesabu kama mshahara wa mwezi mmoja, Sh150,000. Tuchukulie pia kwamba alikuwa na nusu ya likizo ya mwaka ambayo hajaichukua, Sh75,000. Jumla ni Sh548,077.

Kikomo cha miaka 10 kinastahili kutazamwa kidogo. Siku 70 ni Sh403,846, na hapo ndipo dari. Aliyefanya kazi miaka 25 anapata sawa na wa miaka 10, ingawa wa kwanza ana nafasi ndogo zaidi ya kuajiriwa tena. Kwa wa miaka 25, kiinua mgongo kinashuka kutoka siku 7 hadi siku 2.8 kwa kila mwaka aliotumikia. Sheria haikumnyima kitu ilichomwahidi, lakini ndiye mwenye sababu nzito zaidi ya kuhisi kwamba amenyimwa.

Tuje upande wa mwajiri. Kutenga kiinua mgongo cha mfanyakazi mmoja, siku 7 kwa mwaka, ni Sh3,365 kwa mwezi, au kama Sh130 kwa kila siku ya kazi. Linganisha na ulinzi. Amri hiyohiyo ya 2022 iliweka kima cha chini cha mlinzi wa kampuni ndogo kuwa Sh148,000. Mishahara ya walinzi wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, ni Sh296,000 kwa mwezi, kabla ya faida ya kampuni inayowaleta. Kiasi hicho kingetosha kutenga kiinua mgongo cha wafanyakazi 87. Walinzi wanahitajika kwa sababu nyingine pia, lakini mmiliki anayeongeza wa tatu wiki ya kupunguza watu ajue amenunua nini na ameacha kununua nini.

Sasa kiwanda kizima. Chukua chenye wafanyakazi 200 kinachopunguza 40 wanaofanana na wa mfano wetu. Malipo halali ni 40 mara Sh548,077, yaani takriban Sh21.9 milioni. Upande wa pili, kila mmoja akiwa kazini anamgharimu mwajiri zaidi ya mshahara: NSSF asilimia 10 ni Sh15,000, mfuko wa fidia asilimia 0.5 ni Sh750, tozo ya kuendeleza ufundi stadi asilimia 3.5 ni Sh5,250. Jumla Sh171,000. Kwa watu 40 ni Sh6.84 milioni kwa mwezi. Zoezi halali, likilipwa lote siku ya kwanza, linajirudishia gharama yake ndani ya miezi 3.2.

Mwajiri akiruka mashauriano na kubandika majina ubaoni Ijumaa jioni, hesabu inageuka. Kwa sheria ilivyosomeka katika kipindi cha mfano wetu, kuachishwa isivyo haki kulikuwa na fidia isiyopungua mshahara wa miezi 12, yaani Sh1.8 milioni kwa mtu, juu ya haki nyingine. Kwa watu 40 ni Sh72 milioni za ziada, na jumla inafika Sh93.9 milioni. Muda wa kurudisha gharama unatoka miezi 3.2 hadi 13.7. Kilichookolewa kwa kuruka mashauriano ni vikao vichache na makaratasi.

Hapo kuna dhana inayopaswa kuulizwa: kwamba wote 40 watafungua shauri na wote watashinda. Haiwi hivyo. Mwajiri anayeruka utaratibu, awe amekaa na kalamu au la, anabashiri kwamba wengi hawatafika. Ubashiri wake unaweza kupimwa. Pengo kati ya njia halali na njia ya mkato ni Sh72 milioni iwapo wote watashinda. Wakishinda 10 ni Sh18 milioni. Akishinda mmoja ni Sh1.8 milioni. Kwa kuwa njia ya mkato haikumwokolea chochote zaidi ya usumbufu wa vikao, hata mshindi mmoja anatosha kuifanya ghali. Inakuwa rahisi kwake pale tu anaponuia kutolipa zile Sh548,077 pia. Nadhani hesabu inayofanywa mara nyingi ni hiyo ya pili.

Kwa mfanyakazi, kisasi cha kisheria kinapitia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA. Majalada yake ya Dar es Salaam hubeba vifupisho vya eneo: KIN, TEM, ILA. Kufungua shauri hakulipiwi. Dai la kuachishwa isivyo haki lipelekwe ndani ya siku 30. Madai mengine ndani ya siku 60. Usuluhishi una siku 30, ukishindikana shauri linakwenda kwa mwamuzi, na asiyeridhika na uamuzi ana wiki 6 za kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu na utaratibu vilikuwa vya haki ni wa mwajiri.

Bure ya dirishani si bure ya barabarani. Nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipandishwa hadi Sh600 mwishoni mwa 2023. Magari mawili kwenda na mawili kurudi ni Sh2,400. Ongeza Sh10,000 za kibarua anachokikosa siku hiyo, kiwango ambacho nimekiweka juu makusudi. Akihudhuria mara 12 anatumia Sh148,800. Ukigawanya kwa Sh1.8 milioni unapata asilimia 8.3. Maana yake, shauri linalipa hata kama nafasi ya kushinda ni moja kati ya kumi na mbili. Kwa wakili anayelipwa au ndugu anayesindikiza, ongeza. Hata gharama ikiwa mara tatu, kizingiti ni robo tu.

Kama hesabu ni nzuri hivyo, kwa nini wengine hawaendi? Sehemu ya jibu ni muda. Sh148,800 zinatoka sasa, kutoka kwa mtu aliyekosa mshahara wa mwezi huu, na Sh1.8 milioni zinakuja siku isiyojulikana. Kwa kaya isiyo na akiba, pesa hizo mbili hazina uzito mmoja hata kama karatasi inasema moja ni kubwa mara 12.

Mbali na kushitaki au kunyamaza, njia ya tatu ya mfanyakazi ndiyo ile ya simulizi. Kuharibu mali kwa makusudi kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 7 chini ya Kanuni ya Adhabu, wizi wa mtumishi hadi miaka 10, na kuchoma jengo hadi maisha. Tuache vikomo hivyo na tuchukue mwaka mmoja tu. Miezi 12 ya mshahara uliokosekana ni Sh1.8 milioni, kiasi kilekile ambacho angekidai kama fidia. Mkanda uliokatwa hauleti shilingi nyumbani, kwa hiyo upande wa mapato ni sifuri.

Kuiba kuna mapato, lakini angalia bei. Tukichukulia kwamba mali ya wizi inauzwa kwa theluthi ya thamani yake, anayetaka kujilipa Sh548,077 anapaswa kutoa getini mali ya Sh1.64 milioni. Na kuna kipengele ambacho huenda wengi hawakijui: kiinua mgongo hakilipwi kwa anayeachishwa kwa haki kwa sababu ya utovu wa nidhamu. Anayechukua kitu baada ya kusikia fununu za kupunguzwa, lakini kabla ya barua, anampa mwajiri sababu halali ya kumwachisha asiyokuwa nayo jana. Anapoteza Sh323,077 za kiinua mgongo na hoja ya fidia ya Sh1.8 milioni kwa mkupuo. Mwajiri mjanja hahitaji zaidi ya kuacha fununu zizagae.

Hasara ya mwajiri kwa kisasi cha aina hii hutiwa chumvi. Tuseme kiwanda chetu kinauza bidhaa za Sh2 bilioni kwa mwaka kwa siku 300 za uzalishaji. Siku moja ya kusimama ni Sh6.7 milioni, siku tatu ni Sh20 milioni, karibu sawa na malipo halali ya watu wote 40. Ulinganisho unavutia, lakini mauzo si faida. Kama malighafi ambayo haikutumika ipo bado na oda zimesogezwa wiki ijayo, hasara halisi inaweza kuwa asilimia 30 ya hiyo, Sh6 milioni. Wauzaji wa kamera hutumia namba ya kwanza.

Namba nyingine inayozunguka ni asilimia 5. Chama cha wachunguzi wa udanganyifu chenye makao Marekani, ACFE, hukadiria kwamba taasisi hupoteza asilimia 5 ya mapato yake kwa mwaka kwa udanganyifu. Kwa kiwanda chetu hiyo ni Sh100 milioni, zaidi hata ya Sh93.9 milioni za njia ya mkato. Lakini ni makadirio ya wachunguzi walioulizwa maoni, si kipimo kilichotoka kwenye vitabu vya hesabu, na inahusu udanganyifu wote, ukiwamo wa mameneja walio kazini kwa raha zao. Kuitumia kuelezea hasira za waliopunguzwa Mbagala ni kuivika nguo isiyo yake.

Hasara kubwa zilizothibitishwa mahakamani zinafanana kwa jambo moja. Kampuni ya Omega Engineering ya New Jersey ilimwachisha msimamizi wa mtandao wake Julai 1996. Siku 21 baadaye programu aliyoiacha ilifuta mafaili ya uzalishaji, na kampuni ikasema ilipoteza zaidi ya dola milioni 10. Singapore, mfanyakazi aliyeachishwa na kampuni ya NCS mwishoni mwa 2022 aliingia kwenye mfumo miezi iliyofuata kwa nywila zilizokuwa bado hai na kufuta seva 180. Hasara ilikuwa kama dola 918,000 za Singapore, zaidi ya Sh1.5 bilioni, na kifungo kilikuwa miaka 2 na miezi 8. Kufunga nywila kungechukua dakika chache. Ukubwa wa hasara ulifuata ufunguo aliokuwa nao mtu. Wapakiaji 39 wenye hasira kali hawana ufunguo wowote; karani mmoja wa hesabu mwenye hasira ya wastani anao.

Kuna pesa moja ya mfanyakazi ambayo ni kubwa kuliko madai yake mengine na haizungumzwi sana getini. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anaruhusiwa kukata hadi nusu yake kwa mfanyakazi. Kwa mtu wetu, miezi 72 kwa Sh23,000 ni Sh1,656,000, na miezi 24 kwa Sh30,000 ni Sh720,000. Jumla Sh2,376,000, mara 4.3 ya malipo yake ya kuondokea, na zaidi ya fidia ya miezi 12. Nusu yake, Sh1,188,000, ilitoka mfukoni mwake. Kama makato yalifanyika na hayakufikishwa, kwa watu 40 deni ni Sh95 milioni. Anayegundua hilo akaenda kuripoti amelipiza kisasi bila kuvunja dirisha, na amemgusa mwajiri pazito kuliko mkanda wowote wa mashine.

Kwa kesi kubwa ya waajiriwa kumfuata mwajiri wao jijini hapa, lazima turudi 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mashirika yake ya reli, bandari, ndege, posta na simu yaligawanywa, na Mkataba wa Usuluhishi wa 1984 ukaiachia kila nchi jukumu la mafao ya raia wake. Wastaafu wa Tanzania waliona hawajalipwa ipasavyo. Walikwenda Mahakama Kuu 2003. Septemba 2005 ikasainiwa hati ya makubaliano: Sh117 bilioni kwa watu 31,831.

Bilioni 117 zinasikika nyingi hadi uzigawanye. Kila mmoja, kwa wastani, Sh3,675,662. Kwa miaka 28 ya kusubiri ni Sh131,274 kwa mwaka, au Sh10,940 kwa mwezi. Wastani unaficha mengi, kwa kuwa ofisa wa bandari na mfagiaji wa stesheni hawakuwa na mshahara mmoja, na baadhi ya waliofuatilia fedha hizo mwishoni walikuwa warithi.

Kipimo cha thamani ni kikali zaidi. Mwaka 1977 dola moja ilikuwa kama Sh8.3, mwaka 2005 kama Sh1,130, tofauti ya mara 136. Zile Sh3,675,662 ni sawa na Sh27,000 za 1977 kwa kipimo cha dola, na dola yenyewe ya 2005 ilinunua chini ya theluthi ya kile ilichonunua 1977. Kwa nguvu ya kununua, basi, tunazungumzia chini ya Sh9,000 za wakati ule. Sehemu kubwa ya gharama ya mwajiri ilifutwa na ucheleweshaji.

Wazee hao waliandamana, wakafunga barabara katikati ya jiji, wakatawanywa na polisi, na hata baada ya makubaliano wakaendelea kudai kwamba kilicholipwa hakikutosha. Katika hesabu zetu hiyo ni njia ya nne, ya wale ambao mahakama imeshawapa karatasi na karatasi haikutosha. Ni watu waliokuwa wameanza na njia ya kwanza, ya kushitaki.

Yote haya yanamhusu mtu mwenye mshahara wa mwezi na miaka mfululizo. Godauni nyingi za Temeke zinaendeshwa na vibarua wa siku. Anayelipwa kwa siku ana notisi ya siku 4, yaani Sh23,077 kwa kiwango chetu. Kiinua mgongo kinahitaji miezi 12 mfululizo. Ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki haumgusi aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja chini ya miezi 6, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi.

Maneno hayo ya mwisho, "mmoja au zaidi", ni muhimu kuliko yanavyoonekana. Kibarua aliyeingia getini kila Jumatatu kwa miaka mitatu anaweza kudai kwamba alikuwa mwajiriwa siku zote, na mwajiri asipoweza kuonyesha mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa ni wake. Ushahidi wa kibarua ni ujumbe wa malipo kwenye simu na jina lake katika daftari la mahudhurio, na daftari liko ofisini kwa mwajiri.

Tofauti kati ya Sh548,077 za mwajiriwa wetu wa miaka 8 na Sh23,077 za kibarua aliyesimama naye kwenye mashine moja ni Sh525,000. Kwa watu 40 ni Sh21 milioni, NSSF ikiwa bado haijahesabiwa.